Kilabu cha Karibu na Stesheni: Pombe, Reli na Safari ya Kiswahili Nchini Uganda

Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda huelezwa kwa kufuata njia tatu. Ya kwanza ni ya misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, waliofika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Pili katika miaka ya 1840. Ya pili ni ya wamisionari, ambao mwanzoni walitumia maandiko ya Kiswahili kabla ya kugeukia Luganda. Ya tatu ni ya jeshi na polisi, tangu enzi za King's African Rifles hadi utawala wa Idi Amin. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzikariri njia hizi tatu, na katika mtihani huzitaja bila shida.

Makala haya yanakusudia kuongeza njia ya nne, ambayo haipewi nafasi ya kutosha katika vitabu vya kiada. Njia hiyo ni ya reli, na hasa mahali ambapo mtu wa reli aliimalizia siku yake, yaani kilabu cha pombe ya kienyeji kilichosimama hatua chache kutoka stesheni. Tunazungumzia banda la kuta za udongo na paa la mabati yaliyoshika kutu, mabenchi yasiyo na migongo, moshi wa kuni na chungu katikati. Ni mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hakupenda kuonekana akiingia.

Hoja yetu ni moja. Katika vilabu vya aina hii Kiswahili kilipata kitu ambacho hakikukipata kambini wala darasani: watu wa makabila mbalimbali waliokaa pamoja kwa hiari yao, hakuna aliyemwamuru mwenzake, wakahitaji lugha ya kuongea. Lakini kwa sababu kilabu kilidharauliwa, lugha iliyosikika humo ilidharauliwa pia. Wahenga walisema: mtupa jongoo humtupa na mti wake. Dharau hiyo ingali inatukabili sisi walimu hadi leo.

Reli inafika

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Njia ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Pamoja na jina lake, reli hiyo haikuwa imekanyaga ardhi ya Uganda ya leo. Kwa miaka mingi mizigo na abiria walivushwa ziwani kwa meli hadi Port Bell.

Ndani ya Uganda kwenyewe, kipande cha kwanza kilikuwa reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kati ya Jinja na Namasagali. Baadaye njia kuu ilipanda kutoka Nakuru kupitia Eldoret hadi Tororo. Kutoka Tororo tawi moja lilielekea Mbale na Soroti, na mwaka 1929 likawa limefika Soroti. Njia kuu ilifika Jinja mwaka 1928, na mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Nile kukamilika, gari moshi likaingia Kampala. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kufuata shaba ya Kilembe, na katika miaka ya 1960 tawi la kaskazini lilifika Pakwach.

Tarehe hizi zina maana kwa mwanafunzi wa lugha. Kila stesheni mpya ilikuwa kijiji kipya cha watu wasioelewana lugha. Katika utumishi wa reli palikuwa na Waingereza katika nafasi za juu, Wahindi na Wagoa katika ofisi na karakana, na Waafrika wa kila upande katika kazi za mikono: Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, Wateso, Wajopadhola, Wasamia, Wasoga, Waacholi na wengineo. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa katika shirika moja, East African Railways and Harbours, lenye makao makuu Nairobi. Mfanyakazi aliweza kuajiriwa Kisumu, akahamishiwa Tororo, kisha Kampala. Luganda kilimfaa akiwa Kampala, lakini hakikumsaidia Soroti. Dholuo kilimfaa kwao, lakini hakikumsaidia Jinja. Lugha iliyosafiri naye kila alikopelekwa ilikuwa Kiswahili.

Kwa nini kilabu kilikaa karibu na stesheni

Mtu anaweza kudhani kuwa vilabu vilizuka karibu na stesheni kwa bahati tu. Ukichunguza utaona kuwa kila sababu ilivutia upande mmoja.

Sababu ya kwanza ni fedha taslimu. Katika nchi ambayo wengi walipata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza pamba au kahawa, mtu wa reli alipokea mshahara kila mwezi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa uhakika, na mwenye kuuza pombe alijua siku ya malipo kama alivyoijua siku ya soko. Katikati ya mwezi aliuza kwa mkopo, na mwisho wa mwezi akakusanya madeni yake.

Sababu ya pili ni saa za kazi. Treni haina usiku wala mchana. Dereva, mchochezi wa moto, gadi na mtu wa kubadilisha njia walimaliza zamu saa ambazo mwanakijiji yuko usingizini au shambani. Wafanyakazi wa treni waliofikisha mzigo mji wa mbali walilala huko kabla ya kurudi, bila mke wala jikoni. Walihitaji mahali pa kula, kuota moto na kungoja.

Sababu ya tatu ni maji. Injini ya mvuke hunywa maji mengi, na kwa hiyo stesheni kubwa ziliwekewa maji ya kutosha. Mpika pombe naye hawezi kufanya kazi bila maji na kuni. Pale palipofaa kwa injini, aghalabu palimfaa na yeye pia.

Sababu ya nne ni mzigo wenyewe. Pombe ya kienyeji ni mazao yaliyobadilishwa sura. Reli iliyobeba pamba ya Teso iliweza kubeba pia ulezi wa Teso, na hivyo pombe ya ulezi ikaweza kupikwa Kampala, katikati ya nchi ya ndizi. Kwa njia hii mtu aliyekuwa mbali na kwao alikuta kinywaji cha kwao kando ya reli.

Chungu kimoja, mirija mingi

Pombe za vilabu hivi zilikuwa za aina nyingi, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kuwakalisha watu.

Tonto ni pombe ya ndizi ya Buganda na nchi za jirani. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa kukanyagwa pamoja na majani, maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke katika mtumbwi wa mbao. Hunywewa kwa kibuyu au kikombe, kila mtu na chake. Jina la jumla, pombe, lilikuwa limeshaenea bara kabla ya reli. Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, alilitumia neno hilo mara kwa mara katika kitabu chake cha mwaka 1863 alipotaja kinywaji cha ndizi.

Ajon ya Wateso, ambayo Kampala hujulikana zaidi kwa jina la malwa, ni mambo mengine. Unga wa ulezi huloweshwa na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke, hukaangwa juu ya bati, huanikwa juani, halafu huchanganywa na kimea na maji. Ikiwa tayari, huwekwa katika chungu kikubwa na kumiminiwa maji ya moto. Wanywaji huketi kwa duara na kila mmoja huingiza mrija wake mrefu katika chungu hichohicho. Chungu kikipungua nguvu, mwenye nyumba huongeza maji ya moto, na maongezi yanaendelea.

Msomaji aangalie tofauti iliyopo. Anayekunywa kwa chupa au kikombe anaweza kukaa peke yake akaugeukia ukuta. Anayekunywa kwa mrija hawezi. Lazima aketi mahali ambapo mrija unafika, uso wake ukiwatazama wenzake, na lazima afuate adabu za chungu. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, haupulizwi, na mtu hanyanyuki na kuondoka kama aliyekimbia deni. Ada hizi ni za kwao Wateso, lakini kando ya reli zilibidi kufundishwa kwa mgeni, Mjaluo au Msoga, na lugha ya kumfundishia mara nyingi ilikuwa Kiswahili.

Maongezi ya chungu yalikuwa na kazi zake. Hapo mgeni aliuliza kama kuna nafasi ya kibarua. Hapo ilijulikana msimamizi yupi ni mkali na yupi husikiliza. Hapo ziliahidiwa barua na salamu za kupelekwa nyumbani na mwenzao atakayesafiri kesho, na michango ya msiba ilikusanywa, maana maiti ya mtu aliyefia ugenini ina gharama. Mtu asiyejua Kiswahili angekunywa kama wengine, lakini habari hizi zote zingempita.

Wenye nyumba

Tukisema kilabu tunawafikiria wanywaji, na wanywaji wengi walikuwa wanaume. Lakini mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke. Upikaji wa pombe ya nafaka katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ulikuwa kazi ya wanawake, na mjini kazi hiyo iligeuka kuwa moja ya njia chache ambazo mwanamke asiye na shamba wala cheti aliweza kupata fedha zake mwenyewe. Mjane, mwanamke aliyeachika, na aliyekimbia ndoa mbaya, wote walijikuta katika biashara hii.

Kitabu cha Southall na Gutkind kuhusu Kampala na vitongoji vyake, kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1950 chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, kinaonyesha mtaa wa Kisenyi jinsi ulivyojaa wageni, vyumba vya kupanga na biashara ya pombe. Kisenyi hakiko mbali na stesheni ya Kampala, na wakati huo kilikuwa chini ya serikali ya Buganda huko Mengo, nje ya mipaka ya manispaa ya Wazungu. Huko aliyefukuzwa na kanuni za mji wa Wazungu alipata pa kujibanza.

Kwa historia ya Kiswahili, wanawake hawa wana umuhimu wa pekee. Utafiti mkubwa wa lugha za Uganda uliochapishwa mwaka 1972 na Ladefoged, Glick na Criper ulionyesha kuwa asilimia 35 hivi ya Waganda, kwa maana ya raia wote wa Uganda, waliweza kuzungumza Kiswahili. Lakini kati ya wanaume ilikuwa asilimia 52, na kati ya wanawake asilimia 18 tu. Tofauti hii si ya akili. Ilitokana na kazi: Kiswahili kilipatikana jeshini, polisi, relini na viwandani, na milango hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwanamke wa kilabu alikuwa miongoni mwa wanawake wachache ambao riziki yao ilitegemea kukijua. Alihesabu kwa Kiswahili, akakopesha kwa Kiswahili, akadai kwa Kiswahili, na mlevi aliyezidi akamtoa nje kwa Kiswahili.

Heshima aliyopewa ilikuwa na pande mbili. Ndani ya kilabu aliitwa mama, hata na watu waliomzidi umri, na neno lake lilikuwa la mwisho. Nje ya kilabu aliitwa malaya, awe ndiye au asiwe. Na neno hilo malaya, kwa bahati mbaya, ni mojawapo ya maneno ya Kiswahili yaliyokaa sana katika Luganda.

Sheria na dharau

Watawala wa kikoloni waliitazama pombe kwa macho mawili. Jicho moja liliogopa ulevi na mikusanyiko. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ulizuia pombe kali kuwafikia Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Jicho la pili liliona mapato. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 mtindo wa manispaa kupika na kuuza pombe yenyewe, kisha faida ikalipia huduma za Waafrika na gharama za kuwasimamia. Nairobi iliiga, na mwaka 1922 ukumbi wa pombe wa manispaa ulifunguliwa Pumwani. Mnywaji wa Pumwani alikuwa akilipia huduma zake mwenyewe kwa kila kopo alilokunywa, na mama aliyepika chumbani kwake bila leseni akawa mhalifu.

Nchini Uganda kinywaji kilichokaa nje ya sheria kwa muda mrefu zaidi kilikuwa waragi. Ujuzi wa kuitonesha unahusishwa na askari wa Kisudani, mababu wa Wanubi, ambao Lugard aliwaleta mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Wengine wanasema jina limetoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Wengine wanalihusisha na neno la Kiarabu araki, na ukikumbuka kuwa lugha ya askari hao ilikuwa ya asili ya Kiarabu, maelezo haya ya pili yana uzito. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka watengenezaji wawe na leseni na wauze kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuitia katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Wengi waliendelea kupika gizani.

Tusiipambe historia hii. Kilabu kilikula mishahara ya watoto, kiliwapiga wake, na kiliwaua baadhi ya wateja wake. Hatari hiyo haikuisha na ukoloni. Mwezi Aprili 2010, katika wilaya za kusini magharibi ya Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Anayeandika historia ya vilabu akasahau makaburi atakuwa ameandika nusu.

Lakini dharau iliyotupwa juu ya vilabu haikuishia kwenye pombe. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala, upinzani ulikuwa mkubwa. Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, akitetea Luganda. Nyuma ya upinzani huo palikuwa pia na hofu ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Wamisionari wengi nao walikihusisha na Uislamu. Hoja hizi zilikuwa za kisiasa na za kidini, na zinaeleweka. Pamoja nazo kulikuwa na hoja nyingine ambayo haikuhitaji kuandikwa: Kiswahili ni lugha ya vibarua, ya askari, ya watu wasio na kwao. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika shule, isipokuwa zile za polisi. Mtoto aliyesoma akajifunza Kiingereza, na asiyesoma akaendelea kujifunzia Kiswahili pale baba yake alipojifunzia.

Kiswahili cha chunguni

Kiswahili hicho kilikuwa cha namna gani? Hakikuwa cha Unguja wala cha Mombasa. Kilikuwa Kiswahili cha bara, chenye ngeli chache na neno iko lililobeba mizigo mingi. Mtu aliyetaka kujua kama maji ya moto yapo angeuliza: maji moto iko? Vitu vyote viliweza kuwa vya ngeli moja, na nafsi ikatajwa waziwazi: mimi nataka, wewe nakuja. Mwalimu wa sarufi akiisikia sentensi hiyo anashika kalamu nyekundu.

Lakini tuisikilize kwa sikio la mwanaisimu. Upunguzaji huo una utaratibu wake, na uliwawezesha watu ambao lugha zao hazina ngeli kama za Kibantu, kama vile Mjaluo na Mteso, kuongea na Msoga na Mluhya bila kungoja mwalimu. Msamiati wake nao ulipenya hadi katika lugha za jirani. Luganda huliita gari moshi eggaali y'omukka, ambalo ni jina la Kiswahili lililotafsiriwa nusu na kuazimwa nusu. Duka likawa edduuka, fundi akawa ffundi, na mpagazi wa misafara akabaki katika neno omupakasi, mtu wa kibarua. Ukiyatazama maneno haya utaona ni ya kazi, ya biashara na ya safari. Ni alama za nyayo za watu tuliokuwa tukiwazungumzia.

Mwanaisimu Carol Scotton, aliyechunguza matumizi ya lugha kati ya wafanyakazi wa Kampala na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, aliona jambo ambalo linafaa kukumbukwa. Mtu anapochagua lugha mbele ya asiyemjua, hupima atapata nini na atapoteza nini. Kiingereza kiliweza kumfanya aonekane anajivuna. Luganda kiliweza kuonekana kumpendelea mwenye mji. Kiswahili hakikumpa hadhi kubwa, lakini hakikumgharimu pia. Kwa maneno mengine, unyonge wa Kiswahili ulikuwa ndio faida yake. Kilikuwa benchi ambalo kila mtu angeweza kulikalia.

Kufifia kwa vilabu vya reli

Vilabu hivi vilipungukiwa na wateja kwa sababu zilezile zilizoipunguza reli. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya, wengi wao Wajaluo, watu ambao Grillo alikuwa amewakuta katika nyumba za reli za Nsambya alipofanya utafiti wake katika miaka ya 1960. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu. Mtu wa reli hakuhamishwa tena kutoka Kisumu kwenda Tororo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria zilisimama, na njia ya Kasese ikaachiwa nyasi. Treni ya abiria ilirudi Kampala mwezi Desemba 2015, lakini kwa safari fupi ya kwenda Namanve, na abiria wake hurudi kwao jioni ileile.

Katika miaka hiyohiyo Kiswahili kilipata sifa mbaya zaidi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi wakakisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Sauti ya kizuizi ikaifunika sauti ya chungu. Kizazi kilichokulia wakati huo kikisikia Kiswahili hukumbuka amri. Hakikumbuki kuwa kabla ya hapo babu zao walikitumia kuulizana hali.

Malwa yenyewe haikufa. Vikundi vya wanywaji wa mirija vingalipo Kampala na katika miji ya mashariki, na baadhi vina wenyeviti, watunza hazina na michango ya msiba. Mama wa maji ya moto bado yupo. Kinachopotea ni kumbukumbu ya wale waliokaa pale wakati stesheni ilikuwa moyo wa mji.

Hitimisho

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha watakutana na mzazi atakayesema kuwa hiyo ni lugha ya askari, wezi na walevi. Wamezoea kumjibu kwa kutaja tenzi, misikiti ya kale na Umoja wa Afrika. Majibu hayo ni ya kweli, lakini yanamwambia mzazi huyo kuwa Kiswahili ni mali ya watu wengine wa mbali.

Jibu lililo karibu naye zaidi ni kukiri nusu ya anachosema na kumpa nusu iliyobaki. Ndiyo, Kiswahili kilikuwa lugha ya vilabu. Kilikuwa lugha ya vilabu kwa sababu kilikuwa lugha ya waliojenga reli, waliopakia pamba na shaba, waliozikana ugenini, na ya wanawake waliosomesha watoto kwa chungu cha ulezi. Inawezekana babu wa mzazi huyo alikuwa mmoja wao. Lugha iliyoishi miaka mingi bila shule, bila kitabu na bila heshima, kwa nguvu ya kuhitajiwa tu, haiwezi kuwa ngeni katika nchi hii.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Kwanza, wazee waliofanya kazi katika shirika la reli kabla ya mwaka 1977 wanapungua kila mwaka. Waendewe Tororo, Jinja, Soroti, Kasese na Nsambya, warekodiwe wakiongea Kiswahili chao jinsi kilivyo, bila kusahihishwa. Pili, waulizwe wanawake, maana maswali ya watafiti wengi yamezoea kwenda kwa wanaume. Mtafiti akialikwa kwenye chungu, asikatae kuketi. Kama hanywi, aombe soda, ashike daftari kwa mkono wa kulia, na asikilize.